Mashua Iliyolowekwa Usangu

Wapendwa wa kikundi cha ushonaji,

Mmeniuliza kwenye grupu, mmeniuliza sokoni, na Mama Tumaini aliniuliza nikiwa bado nashuka kwenye basi, mguu mmoja hewani: imekuwaje? Nikituma sauti mnasema inakatika. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na asiyemaliza asiniulize swali.

Nianze na yale mnayoyajua, kwa sababu kuna wawili wapya. Mume wangu, Baba Rehema, ni fundi seremala hapa Mbalizi. Milango yenu mingi ni kazi yake. Babu yake alitoka Kilwa, na kwa sababu hiyo Baba Rehema huizungumzia bahari kama jirani yake, ingawa hajaiona hata mara moja. Miaka tisa iliyopita alikwenda Mtera kutengeneza madirisha ya nyumba moja ya wageni, akayaona maji ya bwawa, akarudi. Wiki iliyofuata alianza kujenga mashua uani kwetu. Si mashua ya kuvulia. Mashua ya tanga, yenye chumba, ya kuishi. Alisema tukizeeka tutakaa humo, yeye atengeneze mitumbwi ya wavuvi na mimi nishone nikitazama maji.

Mimi siyapendi maji mengi. Nilimwambia hivi, na Rehema binti yetu alikuwepo akasikia: nitakwenda na wewe, nitalala humo tangu siku inapotoka uani. Ikielea, nakaa. Isipoelea, tunarudi wote Mbalizi na habari ya mashua haitajwi tena nyumbani kwangu. Akakubali. Cherehani yangu nikaiacha pale pale ilipo, nikaifunika shuka, ili kila mtu ajue nitarudi.

Mbalizi hadi Uyole

Mashua ilipakiwa juu ya lori, tezi mbele na omo nyuma, yaani mkia umetangulia na pua inafuata. Maneno hayo ni ya Baba Rehema. Mimi nasema jikoni na chumbani. Mlingoti ulilazwa juu, ukazidi urefu wa lori, na dereva akataka kitambaa chekundu cha kufunga mwishoni. Hakukuwa na kitambaa. Kanga yangu nyekundu, ile ya harusi ya Rehema, ilisafiri kwenye ncha ya mlingoti kutoka hapa hadi Mtera.

Dereva ni Ambakisye, kijana wa Tukuyu, mpole, haulizi mambo. Nafasi ya mbele ilikuwepo. Baba Rehema akasema mwenye chombo hakai nje ya chombo chake, akapanda ngazi, nami nikapanda nyuma yake kwa sababu nilikuwa nimetoa neno langu.

Sasa niwaeleze makao yenyewe. Kitanda ni cha pembe tatu, kwa kuwa omo imechongoka. Vichwa viko mbali, miguu yote minne inakutana kwenye kona. Nimeolewa miaka thelathini na nne na sikuwa najua miguu ya Baba Rehema ina baridi kiasi kile. Ukitaka sufuria, unatoa mto, chini ya mto kuna kifuniko, chini ya kifuniko kuna unga, nyuma ya unga ndipo ilipo sufuria. Ukitaka mwiko, unaanza upya upande wa pili. Dari iko chini. Siku ya kwanza nilijigonga mara kumi na moja. Jiko linaning'inia kwa minyororo ili mawimbi yasimwage chakula, na barabarani lilifanya kazi yake vizuri: lori likiinama, jiko linabaki wima, na mpishi ndiye anayemwagika.

Tulifika Uyole jioni tukasimama kwa sababu Ambakisye alitaka kula. Nikapika wali na njegere pale pale juu. Watu walikusanyika chini. Mama mmoja muuza viazi aliita, "Mnauza nini humo?"

"Hatuuzi. Tunaishi."

Akafikiri kidogo. "Na wenye lori wanajua?"

Uyole hadi Usangu

Tulishuka mteremko wa Igurusi salama, tukapita Chimala, na mbele ya Chimala, mahali penye nyumba chache na mashamba ya mpunga yaliyokauka, lori lilitoa sauti moja nzito na kusimama. Ambakisye akaingia chini. Akatoka.

"Difu, mama."

"Itachukua muda gani?"

"Kesho."

Neno hilo alilisema akiwa na mafuta hadi kwenye nyusi, kwa hiyo nililiamini. Akapanda basi kurudi Mbeya kutafuta difu, lile chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma. Sisi tukabaki na lori, na juu ya lori mashua, na ndani ya mashua sisi. Tulikaa pale siku kumi na moja.

Siku kumi na moja

Siku ya kwanza watoto walituita. Siku ya pili wakubwa walikuja kutuamkia. Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Kulwa, wa familia ya wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani, mwanamke mrefu anayesema polepole. Alisimama chini ya lori akapiga hodi kwenye tairi. Nikamshushia ngazi. Alikuja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa, na maziwa ya mgando, akakaa kitandani kwenye kona ya miguu, akatazama kila kitu.

"Maji hapa yako wapi, mama, mpaka mlete hii?"

"Hayapo. Tunayafuata Mtera."

"Sawa," akasema, kwa sauti ile mtu anayomjibia mgonjwa.

Siku ya tatu alikuja balozi wa nyumba kumi, mzee wa Kisangu mwenye daftari na koti. Huko kwao mtu akilala siku tatu mahali pamoja, akapika na kufua, huyo ni kaya. Hakujali kama kaya ina magurudumu.

"Jina la mkuu wa kaya?"

Baba Rehema akataja jina lake.

"Nyumba ya nini? Tofali, udongo, mabati?"

"Mbao. Mninga, na kidogo mkangazi."

Balozi akaangalia juu, akaandika. Halafu akasema: "Keshokutwa msaragambo. Tunafukua mfereji kabla ya msimu. Kila kaya mtu mmoja na jembe. Siku tatu."

Mimi nilitegemea Baba Rehema atamweleza kwamba sisi ni wapita njia. Hakueleza. Aliuliza mfereji una upana gani. Nadhani alifurahi kuandikwa. Miaka tisa watu wa Mbalizi walikuwa wakiiita ile mashua kabati, na huyu mzee alikuwa ameiandika nyumba.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, nanyi mtanivumilia.

Mnajua Baba Rehema anavyojivunia mbao kavu. Mlango wake haupindi. Mbao anaziweka miaka miwili kivulini kabla hajazigusa, na mashua aliijenga hivyo hivyo, kavu kama kitabu. Uani kwetu Mbalizi, kwenye ubaridi, ilikaa vizuri. Usangu jua halina utani. Asubuhi ya siku ya nne niliamka, yeye ameshashuka, nikaona mstari mwembamba wa mwanga umelala juu ya shuka. Nikautafuta unakotoka. Ulikuwa unatoka ubavuni, kati ya ubao na ubao.

Jioni mistari ilikuwa mitatu. Siku ya sita niliona kuku. Si kivuli cha kuku. Kuku.

Mnaelewa maana yake. Mahali anapoonekana kuku, maji hayataomba ruhusa. Mashua ile ingeshushwa Mtera na kukaa chini kama beseni lililotoboka, na mimi ningerudi kwenye nyumba yangu, kwenye dari yangu ya juu na kitanda changu cha pembe nne, bila kuvunja ahadi na bila kusema neno baya. Sikuhitaji kufanya chochote. Nilichukua kanga ya maua, nikaitundika juu ya ile mianya, nikamwambia Baba Rehema ni kwa ajili ya mbu.

Akasema, "Vizuri."

Nilifurahi. Niwe mkweli, siku ile nilipika nikiimba.

Mama Kulwa ndiye aliyeharibu. Alikuja na mlenda, akakaa mahali pake, akafunua kanga kwa kidole kimoja.

"Mama Rehema, nyumba yako imeachia meno."

"Nimeona."

"Jua hilo. Hata majembe yetu, kiangazi mpini unalegea mpaka unatoka. Tunaloweka tu. Unaloweka leo, kesho mti umevimba, umekamata." Akanitazama. "Si umwambie mzee mloweke?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nikampa chai. Mama Kulwa hakuuliza tena, ila kila akija aliniletea chakula na kuikalia ile kona akiwa ameipa kanga mgongo, na mimi nikaanza kuona aibu. Ambakisye naye alirudi siku ya saba na difu, akaingia nayo chini ya lori, akatoka nayo. Ilikuwa ya lori lingine. Akapanda basi tena, safari hii kwenda Makambako.

Wakati huo Baba Rehema alikuwa kwenye msaragambo. Alikwenda siku zote tatu, na jembe la kuazima kwa Mama Kulwa. Ana miaka sitini na mbili na mgongo wa seremala, unaoinama mbele lakini haupendi kurudi. Jioni ya kwanza alishindwa kupanda ngazi, vijana wakamsukuma. Jioni ya pili walikuwa wanamwita Baba Mashua. Ya tatu alikuja na kifurushi cha mchele aliopewa na balozi, kwa kuwa alikuwa amewatengenezea na mlango wa mbao wa kufungia maji kule mtoni, na haukuvuja. Alinieleza habari ya mlango ule kwa saa nzima.

Siku ya nane walifungua maji. Kijiji kizima kilikwenda kutazama, na kaya ya mashua ilikwenda. Mnajua maji yanavyoingia kwenye mfereji mkavu? Hayaji mbio. Yanakuja na takataka mbele, yanasimama, yanajaza shimo, yanaendelea. Watu walipiga vigelegele wakaanza kurudi majumbani. Baba Rehema hakurudi. Alikuwa anatembea kando ya ile ncha ya maji, hatua kwa hatua, kama mtu na mgeni wake. Yakisimama, anasimama. Yakisonga, anasonga. Alikwenda nayo hivyo hadi mwisho wa mashamba, mikono nyuma, peke yake, suruali imekunjwa. Nilimtazama mpaka akawa mdogo.

Pale niliumia moyo, na sina namna nyingine ya kulisema. Miaka tisa yule mtu alikuwa amesubiri maji, na mimi nilikuwa nimetundika kanga.

Asubuhi, kabla hajashuka, niliitoa ile kanga nikaikunja.

"Baba Rehema. Mbao zimeachia."

Akainama, akatia ukucha kwenye ufa, akaangalia nje. "Ah," akasema. "Kweli."

"Mama Kulwa anasema tuloweke."

"Inahitaji maji mengi."

"Nitayapata."

Nilikwenda mwenyewe kwa balozi. Nilikuwa nimewasikia wanawake wakisema kule mferejini kwamba kaya iliyotoa mtu kwenye msaragambo nayo ina haki ya kuomba watu. Nikamwambia balozi, kaya yetu imetoa mtu siku tatu, sasa inaomba watu wa kubeba maji. Akafungua daftari, akatuona tumo, akauliza tunataka kumwagilia nini.

"Nyumba."

Hakucheka. Akasema, "Mchana huu."

Walikuja na ndoo, madumu na beseni moja la harusi. Tulitoa vitu vyote nje: unga, sufuria, mito, jiko na minyororo yake, tukavipanga kando ya barabara. Tanga tukalifunga kati ya lori na mti likawa turubai letu la kulala. Wakapanga mstari kutoka mferejini hadi kwenye ngazi, na Mama Kulwa juu kabisa, akimimina. Basi moja lilipunguza mwendo, abiria mmoja akachungulia dirishani akauliza kama jiko la minyororo tunauza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtajia bei, nikamwona Baba Rehema ananitazama.

Maji yalipoingia yalitoka pande zote. Lori lilikuwa linakojoa, samahani, sina neno lingine. Wanawake hawakusimama. Wakaingiza zaidi ya yanayotoka, mpaka sakafu ikapotea, mpaka kitanda changu cha pembe tatu kikafunikwa. Kesho yake yalikuwa yanatoka kidogo. Siku ya kumi alasiri Ambakisye alifika na difu begani, akakuta lori linadondoka matone na mwenye mashua amekaa chini ya tanga anakula mihogo.

Akatua difu chini. "Baba, si mngesubiri tufike ndo mzamishe?"

Makambako na Mafinga

Tuliondoka siku ya kumi na moja. Balozi alitufuta kwenye daftari mbele yetu, kwa rula. Mama Kulwa alisimama karibu na tairi, akaligonga kama mlango, akasema, "Mwende salama, jirani." Nililia hadi Igawa.

Maji tuliyatoa, lakini mbao hazikutakiwa kukauka tena, kwa hiyo ndani tulitandaza magunia mabichi kila mahali, na kazi yangu ikawa kuyamwagia. Nililala juu ya gunia bichi. Makambako upepo ulivuma usiku kucha, miguu ya Baba Rehema ikawa ndiyo kitu chenye joto mle ndani.

Karibu na Mafinga askari wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka lori, akaangalia chini, akaniita nishuke.

"Mama, maji haya yanatoka wapi?"

"Ndani."

"Ndani kuna nini?"

"Magunia yenye maji."

"Ya kazi gani?"

"Ili maji yasiingie."

Alinitazama muda mrefu. Akamtazama Ambakisye, na Ambakisye akatazama mlima. Askari akasema twende, na tuwe waangalifu.

Iringa

Iringa tulifika Alhamisi, tukakaa Mlandege hadi Ijumaa kwa ajili ya swala. Watu walipotoka msikitini waliizunguka mashua, na ikaonekana kila mzee wa Mlandege ana babu aliyetoka pwani. Walimfundisha Baba Rehema upepo kwa saa mbili. Nikauliza ni nani kati yao amewahi kupanda chombo cha tanga. Wakasema tunywe kahawa.

Nilikwenda stendi kununua magunia mengine. Palikuwa na basi la Mbeya, limewashwa, konda anaita. Nilikuwa na mkoba wangu. Nilisimama pale nikifikiri, ukweli ni huo, kwamba mtu anaweza kupanda tu. Halafu nikakumbuka magunia yalikuwa yanakauka, nikarudi kuyamwagia.

Nyang'oro hadi Mtera

Mteremko wa Nyang'oro tuliushuka taratibu. Baba Rehema alikaa tezini ameshika kamba ya nanga, tayari kuitupa barabarani breki zikikataa. Ambakisye alimwomba asifanye hivyo kwa hali yoyote.

Mtera maji yalikuwa yamerudi nyuma, yameacha tope pana. Wavuvi walituwekea magogo wakaivuta mashua kwa kamba, wakiimba, sehemu kubwa ya asubuhi. Baba Rehema akaniomba nikae ndani niangalie mbao, kwa sababu, alisema, mimi ndiye shahidi.

Nikakaa kitandani, uso ubavuni, pale pale nilipomwona kuku. Nikasikia tope, kisha nikasikia maji yakipita nje ya ubao, karibu kabisa na sikio langu. Tone moja likaingia. Likaja la pili, nikaweka kidole. Nikahesabu hadi mia moja. Nikatoa kidole. Pakavu. Sakafu ikanyanyuka kidogo, ikashuka kidogo, na jiko likaanza kubembea lenyewe, bila mtu, kwa mara ya kwanza kwa kazi liliyotengenezewa.

Akaingia, kichwa chini, suruali imelowa hadi mapajani. Akatazama ubavu. Akakaa.

"Inaelea," nikasema.

"Naona." Akapitisha ukucha kati ya ubao na ubao. Halafu akasema, "Ule mwanga wa kule Usangu niliuona tangu siku ya tatu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimepanga mbao miaka arobaini, Mama Rehema. Nilale chini ya ufa nisiuone? Wewe ulianza kuuona siku ya nne. Siku ya sita ukaweka kanga."

"Na hukusema!"

"Ulisema ikielea unakaa. Kuiziba ni kazi ya mchana mmoja. Ila ningeiziba mimi, ningekuwa nimekufungia humu." Akafuta uso kwa shati. "Nikaona nikuachie wewe. Ile siku ya maji mferejini nilikuwa nimeshayazoea mawazo ya kurudi. Yale maji nilikuwa nayaaga."

 Nilisimama nimpe chai, nikajigonga dari.

Mbalizi

Sasa nyinyi mliniona Jumanne nikishuka basi peke yangu, na Mama Tumaini akatangaza kwenye grupu kwamba nilishindwa, nimerudi kwangu. Nimesoma zote. Asanteni kwa vile vikatuni vya kulia.

Nina kipande cha ubao mkobani. Baba Rehema amekichora vipimo: urefu, upana, na mahali pa kupitishia mguu. Ni nafasi aliyoikata jikoni mwa mashua, kando ya dirisha, upande wa maji.

Nimekuja kuchukua cherehani. Ni ile ya miguu, nzito, haibebwi na mtu mmoja. Alhamisi asubuhi naomba watu wanne wa kuifikisha stendi, na msiniulize kwa nini niwaombe nyinyi. Magauni yenu ya Iddi nani aliyashona?